Banda Lisilovuja Hewa

Baba mkwe wangu alitengeneza friji kwa miaka thelathini na minne, na friji ya nyumbani kwetu haigandishi. Mganga hajigangi. Ukiweka maji asubuhi, jioni unayakuta vilevile, ila yananukia kitunguu. Siku moja nilimweleza, kwa adabu, kama mkwe anavyopaswa. Akaifungua, akachungulia ndani, akaifunga.

"Inafunga vizuri," akasema.

Nikashukuru. Upande wa kufunga, kweli, haina kasoro.

Watu humwita Mzee Baridi. Jina alilipata kwenye vyumba vya baridi vya wauza nyama, lakini limemkaa kwa sababu nyingine pia. Hacheki, hakasiriki, na ukimpa habari ya msiba au ya harusi anaitikia kwa sauti ileile. Binti yangu wa miaka mitatu ndiye peke yake anayedai kwamba babu hucheka. Nilimwuliza, hucheka kwa kutumia nini? Akanishika sikio.

Mwisho wa bustani yetu kuna kibanda cha mbao chenye paa la bati, hatua nne kwa tatu, kilichojengwa kwa ajili ya majembe na mpira wa kumwagilia. Majembe yalihamishwa zamani yakawa yanalala jikoni nyuma ya mlango. Kibandani mlikuwa na friji tatu zilizokufa, milango ya friji nyingine ambazo sikuwahi kuziona, mota, nyaya, na kiti kimoja. Kwenye kiti alikaa Baba. Tangu mama mkwe atangulie, alikuwa akimaliza chai anakwenda kukaa humo, akila cha mchana anarudi. Hakutengeneza kitu. Nikienda kuanika nguo nilikuwa namwona anashika vile vyuma kimoja kimoja, kama mtu anayepita wodini kuwajulia hali wagonjwa.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ni msimamizi mahali wanapofua mashuka ya mahoteli. Amezoea kuona kitu kichafu na kuamua papo hapo kiende wapi. Jumapili moja alichungulia kibandani, kisha akatuita sebuleni.

"Baba anashinda na maiti za friji," akasema. "Na nyie mnaona sawa?"

Mume wangu akasema si sawa. Mume wangu ni mtu mwema, hukubaliana na aliyezungumza mwisho.

"Basi namchukua. Kwangu kuna chumba, kuna televisheni."

"Na bustani, wifi?" nikauliza.

"Ghorofa ya nne hiyo. Bustani ya nini, kwani yeye kabichi?"

Baba mwenyewe alikuwa amekaa palepale, binti yangu amelala mapajani pake.

"Baba, unasemaje?" wifi akamwuliza.

"Sawa," akasema.

Sauti ileile. Lakini mimi nilikuwa naangalia mkono wake. Wifi alipotaja ghorofa ya nne, ule mkono ulipanda taratibu ukamziba mtoto sikio.

Sijui nani aliutuma ulimi wangu. Nilisema, "Lakini wifi, kile kibanda Baba anakigeuza banda la kuku."

Hapakuwa na mtu aliyewahi kutaja kuku katika nyumba ile.

"Lini?" wifi akauliza.

"Nimeshaanza," akasema Baba.

Wifi alitutazama mmoja mmoja, kama anayetafuta doa. Kisha akatoa hukumu. Angerudi Jumapili ya tatu na begi. Akikuta kuku wazima, Baba abaki. Akikuta friji, anafungasha nguo.

Jumatatu Baba alianza. Mnunuzi wa vyuma chakavu aliondoka na mota na mabati, lakini si kabla Baba hajang'oa alichokitaka: mlango mmoja mweupe, madroo sita ya mboga, na zile nyavu nyeusi za nyuma ya friji, alizozisimamisha ukutani akasema hajui za nini ila zisiende. Alifagia, akaosha, akapigilia fito za kuku kulalia, na kila ufito akaupima kwa pima maji. Nilimwuliza kama kuku hujali ufito ukiinama kidogo. Akasema yeye anajali. Madroo ya mboga akayajaza maranda ya seremala akayapanga kwenye rafu, yawe viota.

Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri. Kisha akanunua silikoni.

Mimi nimekulia kwenye nyumba yenye kuku. Banda letu lilikuwa nyufa zilizoshikiliwa na fito chache, na kuku walinawiri. Baba alipita na gundi hiyo ukuta kwa ukuta akaziba hata tundu la msumari. Dirisha lililopasuka kioo akalipigilia ubao, akauzungushia silikoni. Chini ya bati akapachika povu la friji, lile la kuzuia joto. Mwisho akausimika ule mlango mweupe pa kuingilia, na mpira wake mpya pembeni, na rafu za chupa upande wa ndani, akisema zitafaa kwa dawa.

Ulipokaa sawa alimwita mjukuu wake. "Mchumba, njoo tupime."

Alichana karatasi, akaibana mlangoni, akamwambia aivute. Ndivyo mafundi wa friji wanavyopima: karatasi ikitoka kirahisi, mpira hauna kazi. Binti yangu alivuta kwa mikono miwili, mguu mmoja ameuegemeza kwenye mlango. Karatasi ikakatika.

"Umeshika," akasema Baba.

"Umeshika," akasema mtoto, na kipande cha karatasi mkononi.

Nilikuwa nimesimama na beseni la nguo. Nikameza maneno. Mkwe ataanzaje kumwambia mzee kwamba mkono uliomlishia watoto umekosea? Usiku ule nilimwambia mume wangu, akakubali kwamba kuku watakosa hewa. Asubuhi Baba akamwambia kwamba banda limetulia, akakubali pia.

Kuku waliingia Jumatano ya wiki ya mwisho, majike sita waliokaribia kutaga, kutoka kwa mfugaji wa mtaa wa pili. Mfugaji alituagiza tuwafungie siku tatu nne, wapajue kwao. Alhamisi saa sita nilikwenda na maji. Mlango uliachia kwa ule mlio wa friji inayofunguliwa, na joto likanipiga usoni kama nimefunua sufuria. Kuku wote walikuwa wameachama midomo, mabawa wameyaachanisha na mwili. Mmoja, mwenye madoa, alikuwa amekaa chini.

Niliuegesha mlango kwa jiwe. Baada ya muda Baba akapita, akaondoa jiwe, akafunga.

"Mlango wa namna hii hauachwi wazi," akaniambia.

"Ndiyo, Baba."

Akaingia ndani ya nyumba. Nikaenda nikaufungua. Akatoka akaufunga. Siku ile tulifanya hivyo mara nne, kwa heshima, bila yeyote kumwuliza mwenzake neno.

Ijumaa yule mwenye madoa hakuinuka kabisa. Nilimdondoshea maji mdomoni kwa kijiko, nikafikiria begi la wifi. Wifi alisema kuku wazima. Hakusema watano wazima na mmoja anayejitahidi. Nikamfuata Baba barazani.

"Baba, samahani. Chumba cha nyama kinatakiwa digrii ngapi?"

"Mbili hadi nne."

"Na cha kuku?"

Akainuka. Akaingia chumbani kwake akatoka na kipimajoto chake cha kazi. Akakitundika bandani, akafunga mlango, akasimama nje anaangalia saa ya mkononi. Dakika kumi. Nami nilisimama. Hata mtoto alisimama.

Alifungua akasoma. Akakifuta kwa shati, akasoma tena.

"Thelathini na nane."

"Ndiyo, Baba."

"Miaka yote nazuia joto lisiingie," akasema. "Hawa wanalitengeneza wenyewe humohumo ndani."

"Ndiyo, Baba."

"Ulijua."

"Nilijua, Baba."

"Tangu lini?"

"Tangu silikoni."

Akakifunga kipimajoto ndani ya kitambaa chake, taratibu. "Siku nyingine ukijua kitu," akasema, "useme kabla haijakauka."

Jumamosi hakukaa. Alikata ubao wa dirishani, akakata matundu marefu chini ya bati na mengine karibu na sakafu, kwa msumeno ambao kila saa ulinasa kwenye silikoni yake mwenyewe. Haikuwa silikoni ya mchezo. Hewa moto itoke juu, akanieleza, hewa baridi iingie chini. Ni kazi ileile, ila sasa unamfukuza mgeni kwa mlango mwingine. Juu ya kila tundu akapigilia zile nyavu nyeusi za nyuma ya friji. Zilienea zote isipokuwa moja, akaipinda kwa goti. Mlango hakuugusa. Jioni kipimajoto kilisema ishirini na saba, na kuku walikuwa wamefunga midomo. Mwenye madoa aliinuka, akatembea hatua tatu, akakaa tena.

Jumapili wifi alifika na begi la magurudumu. Alilivuta bustanini kote, likaacha mistari miwili kwenye udongo niliokuwa nimeupiga maji.

"Shikamoo Baba. Wako wapi?"

"Marahaba. Humo."

Akafungua mlango, akaingia nusu, akahesabu kwa kidole. "Mmoja, wawili, watatu, wanne." Akainama. "Watano." Akanigeukia. "Wifi, nilisikia sita."

Nikachungulia begani pake. Baba akampita. Alinyoosha mkono akavuta droo ya mwisho, ya chini kabisa, na mwenye madoa alikuwa humo, ameenea kama alipimiwa. Wifi alipeleka mkono amguse, akadonolewa.

"Anataga?"

"Hapana," akasema Baba.

"Anaumwa?"

"Alikuwa anaumwa."

"Sasa anafanya nini humo?"

"Amekaa," akasema Baba. "Ni mahali pake."

Wifi akainama. Aliisukuma droo pole pole mpaka ikabaki wazi kidogo, akatoka, akasimama mbele ya ule mlango mweupe. Alipitisha kidole kwenye mpira, juu mpaka chini. Kisha akafungua mkoba, akatoa risiti ya dukani, akaibana mlangoni, akavuta. Hakuna aliyemwelekeza. Nadhani aliwahi kuwa mtoto wa miaka mitatu naye.

Risiti haikutoka.

"Umeshika," akasema, bila kumwangalia mtu.

"Umeshika," mwanangu akamrudishia kutoka nyuma yangu.

Tulisimama hapo. Begi nalo lilisimama, zipu imefunguliwa nusu. Mume wangu alisema ni begi zuri.

"Karibu na kwako kuna seremala," Baba akamwambia binti yake. "Ana maranda?"

"Anayo. Huyachoma."

"Asiyachome. Haya yatatosha mwezi mmoja. Likijaa begi hilo, uniletee."

"Begi langu la safari, Baba?"

"Unasafiri?"

Wifi alilitazama begi, akatutazama sisi, akafunga zipu. Akasema ataangalia. Tulimsindikiza mpaka getini, begi likinguruma tupu juu ya kokoto. Baba alibaki, ametoa kiti chake akakiweka kivulini, mbele ya nyavu, mahali hewa inapotoka.

Niliporudi nilipita na beseni langu, nikamtazama sikio. Lilikuwa likichezacheza. Mtoto alisema kweli.