Sekela wa Dada

Juzi nilikuwa Tunduma, ndugu yangu, na nimerudi na kitabu ambacho afadhali nisingekiona. Kilikuwa kimelala kwenye turubai kati ya viatu vya mitumba na rimoti za televisheni, karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Jalada limechanika, lakini yule mwanamke mwenye kisu kiunoni nilimtambua kabla sijainama. "Chukua, sista," muuzaji akaniambia, "hivi ni vya kitambo, havitoki tena." Hata kuomba apunguze bei sikuomba, na wanaonijua watashangaa.

Nikurudishe basi kwetu Mbozi, msimu wa kahawa. Baridi ya Juni kule si ya mchezo. Asubuhi tulipewa viazi vya kuchemsha, na kabla ya kuvila tulivishika kwanza mpaka vidole vipate uhai. Kisha kazi. Kahawa ilimenywa kwa mashine ya mkono, ikachachishwa, ikaoshwa, ikamwagwa juu ya vichanja, nasi wadogo tukasimama pande zote mbili tukichambua punje mbovu. Harufu ya maganda yaliyokuwa yakioza nyuma ya nyumba tuliingia nayo mpaka kanisani. Mama alikuwa na msemo wake: "Sikio lisikie, mkono ufanye." Ndiyo maana alimruhusu dada yetu mkubwa aache kuchambua, atusomee.

Vitabu vililetwa na mjomba, aliyekuwa utingo wa lori. Vilikuwa vyembamba, vya mfululizo mmoja, habari za mpelelezi wa kike aliyewasaka wafanya magendo mipakani. Aliitwa Sekela. Ni jina la huku huku, kina Sekela wamejaa Ileje, kwa hiyo tulimhesabu kuwa ndugu. Dada alisoma amesimama, kitabu kakiinua juu, na ole wako usogee. "Mikono yenu ina ute wa kahawa," alisema, "mtanichafulia."

Na Sekela alikuwa mwanamke kweli kweli! Katika kitabu cha kwanza alivuka mto uliofurika, kisu kakiuma kwa meno, akawafunga majambazi kwa kamba ya mbuzi. Inspekta, mkubwa wake, kazi yake ilikuwa kufika amechelewa na kuuliza, "Sekela, umewezaje?" Tulicheka mpaka punje mbovu zikapita pamoja na nzuri. Dada mwenyewe alikuwa wa namna hiyo hiyo. Aliwahi kumfukuza mwizi wa kahawa kwa mwiko wa ugali, mpaka barabarani, na alikuwa amechaguliwa kwenda chuo cha ualimu. Tulijua atakwenda, kama tulivyojua kwamba Sekela hawezi kuzama.

Msimu uliofuata baba akasema chuo kisubiri mwaka mwingine. Mwaka haujaisha, washenga wakafika, wametumwa na mfanyabiashara mmoja wa Tunduma. Wazee wakaelewana sebuleni huku dada akiwapelekea chai. Wiki ile ile mjomba akaleta kitabu cha nne.

Sekela alifika mtoni, mto ule ule. Akaona maji, akalia. Miguu ikamlegea, akazimia ukingoni, na inspekta akaja kumbeba. Tukaacha kuchambua.

"Dada, si huyu huyu alivuka na kisu mdomoni?"

"Ndivyo ilivyoandikwa," akajibu, akafunua ukurasa mwingine.

Tulikasirika, usiseme. Tulimkasirikia mwandishi. Tukasema ni mlevi, amesahau alichokiandika mwenyewe, na kaka yangu akaapa kumpiga manati siku atakayokutana naye. Mama akatuambia tuchambue kahawa. Dada aliolewa kahawa ikiwa bado vichanjani.

Tangu hapo nimekuwa nikimsema yule mwandishi. Watu wakizungumzia vitabu, mimi hutoa mfano wa Sekela, shujaa aliyeharibiwa na aliyemuumba. Sasa juzi, nikiwa nimesimama pale kwenye vumbi la malori, nikakifungua. Kilikuwa kitabu cha kwanza. Nikautafuta mto. Sekela anafika ukingoni, anaona maji, analia, anazimia. Inspekta anavua koti. Hakuna kisu mdomoni, hakuna kamba ya mbuzi. Nikasoma mpaka mwisho, na kila shida ikimkuta anapiga kelele na kungoja mwanaume. Mwandishi hakusahau kitu, Sekela wake alikuwa hivyo tangu mwanzo. Aliyevuka mto alikuwa wa dada. Wiki ile ya washenga dada alichoka kumvusha, akatusomea kilichoandikwa, na watoto sote pale kichanjani hatukumuuliza yeye ana nini.

Iliniuma, nisikufiche. Nikaenda moja kwa moja kwake, si mbali na pale. Nilimkuta barazani akichambua maharage, amezeeka kuliko umri wake. Hatujamaliza kusalimiana, shemeji akaita kutoka ndani anataka maji ya kuoga, na dada akawa amekwisha kusimama. Aliporudi nikamwambia nimekuja na kitabu. Nikakiinua juu kama alivyokuwa akifanya yeye, nikamsomea yasiyoandikwa: mto umefurika, kisu kiko kwenye meno, majambazi wamefungwa kamba ya mbuzi, inspekta amechelewa. Dada alisikiliza, mikono ikiendelea na maharage. Nilipomaliza alicheka kidogo, kicheko cha kumridhisha mgeni.

"Mdogo wangu," akasema, "hayo umeyatoa wapi? Mwanamke gani huyo?"

Nikakifunga kitabu. Vichanja vyetu vilishaoza, mashine ya kumenyea iliuzwa chuma chakavu, mama tulimzika, na vitabu vilivyobaki nyumbani vilitumika kuwashia moto msimu ambao kuni zilikuwa mbichi. Hayo yote nilikuwa nimeyazoea. Ila Sekela nilidhani dada bado anaye. Kumbe nimebaki naye mimi, na mimi kumvusha mto sijui, najua kukariri tu alivyovushwa.