Ekzosi ya Bwana Shamba

Nilipaka rangi pikipiki ya kipofu. Nianzie hapo, maana nikianzia kwingine nitajitetea, na sina la kujitetea.

Baba yangu alikuwa bwana shamba wa pamba huku Kishapu kwa miaka yote ya utumishi wake. Alipostaafu walimwachia pikipiki ya kazini kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Ni ya Kijapani, ya zamani sana, ina tangi jembamba na taa ya mviringo. Nikiwaonyesha picha yake vijana wa maduka ya spea huniuliza kama ni jenereta. Baba aliiendesha mpaka macho yalipoanza kumwacha. Presha ya macho, walisema madaktari, na tulikuwa tumechelewa. Pikipiki ikasukumwa kwenye banda la mbuzi, kuku wakataga juu ya kiti chake, na baba akawa mtu wa kukaa kibarazani akigeuza shingo kufuata sauti za watu.

Mwaka jana moyo wake nao ulianza kuchoka. Aliniita kutoka Shinyanga mjini, ninakofundisha hesabu. Pale nyumbani alikuwa akiishi na mdogo wangu wa kike. Nilimkuta ameegemea ukuta, miguu imemvimba.

"Mwanangu," akasema, "sina haja kubwa. Nataka niisikie ile pikipiki mara moja tu kabla sijaenda."

Nikamwambia asiseme habari za kwenda. Nikamwahidi nitaitengeneza iwe kama ilivyotoka kiwandani. Hakuniomba hilo. Alitaka kuisikia, basi. Lakini mimi ndivyo nilivyo: wanafunzi wangu wanajua kwamba kwangu jibu la karibu si jibu. Nachukia viraka. Nikiona waya umefungwa mahali pa skrubu napandwa na hasira, na pikipiki ya baba ilikuwa viraka tangu taa ya mbele mpaka ya nyuma.

Kiraka nilichokichukia kuliko vyote kilikuwa ekzosi. Mahali ilipotakiwa kuwa ekzosi ya kiwanda palikuwa na silinda ya shaba ya lile bomba la zamani la kupulizia dawa ya pamba, lile la kubeba mgongoni. Mtu alikuwa ameikata, akaitoboa, akaiunganisha na injini kwa pete za chuma. Nilipokuwa mtoto mlio wake ulisikika kijiji kizima kabla baba hajaonekana. Pwo, pwo, pwo, halafu ikohoe, halafu pwo tena. Shuleni wenzangu waliziba masikio na kuniambia, "Baba yako huyo, anakuja na ngoma yake." Niliona aibu hadi nikatamani baba atembee kwa miguu. Niliamini ni ufukara wa ofisi yake uliomfanya aendeshe kitu kama kile, na miaka yote hiyo nilimwonea huruma.

Fundi wangu wa Shinyanga, mtu mpole aliyezoea bodaboda, aliizunguka pikipiki mara mbili nilipomfikishia mjini, akasema, "Madamu, tushughulikie injini. Hayo mengine mzee ameyazoea, tuyaache."

"Nimekuuliza mzee amezoea nini?" nikamjibu. Akachukua spana.

Nikaanza kutafuta. Plagi na gasketi zilipatikana mjini. Ringi za pistoni zilitoka kwa fundi cherehani wa Kolandoto, aliyekuwa na pikipiki ya aina ileile imeoza mpaka fremu. Kabureta nilihangaika nayo wiki tatu. Kila niliyempigia simu alisema anayo, na kila niliyemfikia alikuwa na ya pampu ya maji. Nilijifunza kubeba kipuri chenyewe kwenye mkoba, kwa sababu ukimweleza muuza spea kwa maneno anakupa anachotaka kukiuza. Mkoba wangu wa kusahihishia madaftari ukanuka petroli. Walimu wenzangu walinitania kwamba nimepata mchumba fundi.

Kabureta nikaipata. Ikabaki ekzosi. Nikaambiwa niende Geita, kwenye yadi ya mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa maana kila chombo kilichokufa Kanda ya Ziwa huishia machimboni. Pale injini ya pikipiki huvuta maji kwenye duara la kuchimbia dhahabu, na gia ya lori huzungusha karasha la kusaga mawe. Likizo ilipofika nilipanda basi kupitia Kahama, lile bomba la shaba nimeliviringisha kwenye gazeti ili nilinganishe urefu na tundu.

Mwenye yadi alikuwa mwanamume mnene mwenye shuka begani. Nilimpa shikamoo akaitikia bila kuniangalia. Macho yake yalikuwa kwenye gazeti langu. Ekzosi ilikuwepo, naapa, imening'inia kwenye msumari ukutani, ya kiwanda, nyeusi, na maandishi ya Kijapani bado yanasomeka. Nilitaka kulia kwa furaha. Nikamuuliza anaiuzaje.

"Hiyo siiuzi, mama. Tubadilishane," akasema. "Niachie hiyo shaba yako."

"Hii takataka?"

"Hapa hakuna takataka. Kuna vitu havijapata mwenyewe tu."

Nikacheka. Nikamkabidhi kwa mkono wangu mwenyewe, nikafunga ekzosi kwenye gazeti lilelile, nikarudi Shinyanga nikijiona mshindi. Njiani niliwasimulia abiria wenzangu jinsi nilivyompunja mtu wa Geita.

Pikipiki ilipokamilika, fundi aliniita nikaione. Tangi jeusi lenye mstari mwekundu, kiti kipya, spoki zote zimenyooshwa. Ikawashwa, ikaunguruma taratibu, kwa adabu kabisa. Fundi alinitazama kama anayetaka kusema neno. Nikamwambia aiendeshe mpaka Kishapu Jumamosi, mimi nitatangulia kwa basi.

Jumamosi hiyo nilimkalisha baba kibarazani mapema, nikamvalisha shati lake la kaki. Hatukumwambia lolote. Mdogo wangu alisimama nyuma ya mlango na simu yake apige picha. Tukaisikia ikiacha barabara kubwa, ikapita kwa jirani, ikaingia uani, ikasimama mbele ya miguu yake. Baba alikaa wima, akarekebisha kola.

"Kuna mgeni," akasema. "Mleteeni kiti. Mpeni na maji, jua kali."

Mdogo wangu alishusha simu. Mimi nilipiga magoti nikamshika mkono. "Baba, hakuna mgeni. Ni pikipiki yako."

Nikamsaidia kusimama. Akapapasa tangi, akapapasa taa na kiti. Mkono wake ukapita chini ya kiti, ukakaa huko kwa muda, ukatoka. Halafu akainama akatafuta upande wa kulia, pale shaba ilipokuwa, na nilimzuia kwa sababu ekzosi ilikuwa ya moto.

"Ni nzuri," akasema. "Ya nani?"

"Yako, baba."

"Yangu ina shaba. Shaba yangu iko wapi?"

Wanafunzi wakinidanganya huwa nawajua kabla hawajamaliza sentensi. Nilimdanganya baba yangu bila kumeza hata mate. "Iko kwa fundi," nikasema. "Hii tumeiazima tu, tukusikilizishe. Yako bado kipuri kimoja."

"Ahaa," akasema. "Basi hii ya watu itunzeni vizuri." Akarudi akaketi, akamshukuru fundi kwa kumtembelea. Pikipiki tukaisukuma kwenye banda la mbuzi.

Nilijificha nyuma ya banda nikalia mpaka pua zikaziba.

Jumatatu sikwenda kazini. Nilikwenda Mhunze kumtafuta mhunzi ambaye mdogo wangu alisema ndiye aliyeitengeneza ile ekzosi, nikidhani atanitengenezea nyingine. Nilimkuta bado ana kiwanda chake, mwanawe akivuta mivukuto, yeye akigonga jembe. Nilipojitambulisha kuwa ni binti wa bwana shamba alitua nyundo, akanipa mikono yote miwili.

"Mayu, mama yangu, lile bomba nalikumbuka kama la jana," akasema. "Baba yako alikuja hapa na ekzosi nzima, mpya. Nikamwambia, hii haina ubovu. Akasema ubovu wake inanyamaza mno."

Nikamwambia sijaelewa.

"Wakati ule kila mkulima alitakiwa kung'oa masalia ya pamba na kuyachoma akishavuna, ili funza wasilale shambani. Asiyechoma, bwana shamba anaandika jina lake, linakwenda kwa mtendaji. Sasa baba yako akifika kimya anawakuta watu hawajachoma, inambidi aandike. Akaniambia, nitengenezee inayonitangulia. Basi! Ikisikika huko ng'ambo ya mbuga, watu wote mbio shambani, na akina mama na watoto. Akifika anakuta moshi. Anasema, 'Wabeja, asanteni, naona mmeshafanya kazi,' anaondoka zake. Hakuna aliyeandikwa."

Mwanawe alicheka. Inaonekana ni hadithi ya pale kwao, husimuliwa. Sisi nyumbani hatukuwahi kuisikia. Baba alituacha tuone aibu kwa miaka yote ile na hakujitetea hata siku moja, labda kwa sababu angejitetea habari ingefika ofisini. Nilikaa kwenye kigogo pale kiwandani.

Nikamuuliza ile ekzosi ya kwanza iko wapi. Akasema aliifua kengele za ng'ombe, zamani hizo. Nikamwomba anitengenezee nyingine kama ile ya shaba. Akatikisa kichwa. Mabomba ya siku hizi ni ya plastiki. Bati angeweza, lakini bati litalia kama debe, na mzee asiyeona hadanganyiki kwa debe. "Niletee shaba ileile," akasema, "hata ikiwa vipande. Nitaiunga."

Nikarudi Geita. Safari hii sikumpa mtu wa yadi hata shikamoo ya maana, nilimwuliza moja kwa moja. Hakukumbuka sura yangu, alikumbuka shaba. Iliyeyushwa wiki ileile, akasema, ikachanganywa na nyingine, ikachukuliwa na mtu wa Mwanza. Nilimfokea. Nilimwita mwizi mbele ya wapagazi wake. Alinivumilia mpaka nikaishiwa pumzi, akasema kwa upole, "Mama, si wewe uliyenipa?"

Ni kweli. Majuto ni mjukuu, na mimi wangu nilimbeba kwenye basi kutoka Geita mpaka nyumbani.

Kuanzia hapo kila Jumamosi nilipokwenda Kishapu mazungumzo yetu yalikuwa yaleyale. Nikishamwamkia na kukaa, baba aliuliza, "Fundi kasemaje?"

"Bado kipuri kimoja, baba."

"Basi msimharakishe."

Nilijifunza kulisema bila sauti kutetemeka. Nilipiga simu Mwanza, Kahama, Tabora, kutafuta bomba la zamani la shaba. Mtu mmoja alinitumia picha ya moja, nikafunga safari, nikakuta limetobolewa limekuwa chungu cha maua. Wakati huo baba alikuwa amepungua mpaka shati la kaki likawa la mtu mwingine. Alikuwa ananila moyo kwa subira yake. Ningependa anigombeze. Mimi ningekuwa yeye ningegomba.

Alifariki asubuhi, msimu wa kuchoma masalia, uani kukiwa na harufu ya moshi wa mashamba. Watu walikuja wengi kuliko tulivyotarajia, wakulima wazee wa vijiji ambavyo sivijui, na zaidi ya mmoja aliniuliza ile pikipiki iko wapi, waisikie. Nikawaambia imeharibika.

Baada ya matanga, tukikunja mikeka, mdogo wangu aliniambia nisimkasirikie. Nikamwuliza nimkasirikie kwa lipi. Akanipeleka kwenye banda la mbuzi, akainua kiti cha pikipiki. Kwenye fremu palikuwa na mikwaruzo midogo, imepangwa kwa safu, mingi. Rangi yangu ilipita juu yake bila kuizika.

"Kila msimu wa pamba alikwangua mmoja," akasema. "Siku ile alipoingiza mkono aliigusa. Kila ukiondoka alishika ukuta akaja hapa, akakaa nayo."

"Alijua?"

"Tangu siku ile."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Alinikataza, dada. Alisema, 'Mwache. Bado anarekebisha.'"

Nilirudisha kiti mahali pake, nikakikaza. Skrubu moja haikuwepo, nikafunga waya.