Kimaanyan cha Yulita

Yulita alizaliwa Borneo, kwa Wadayak wanaosema Kimaanyan. Siku hizi tunafanya pamoja kazi ya kutunza wazee hapa Queensbury, London, na tumepanga nyumba moja. Ni mpole kupita kiasi. Mimi, Serah wa Nyeri, watu wapole hunitia wasiwasi.

Jumamosi alileta wageni wawili. Bridget, mwalimu wa chuo, alitaka kulinganisha maneno na matamshi ya lugha za Kidayak. Mwingine ni Mzee Dehen, Mdayak anayesema Kingaju. Huyo sikumpenda hata kidogo. Alivuta kiti karibu na Yulita, akamkodolea macho mdomoni.

Yulita alikuwa na haja yake. Bintiye, mzaliwa wa London, humjibu kwa Kiingereza tu. Yulita alitaka lugha ya mamake irekodiwe kabla haijamtoka na yeye mwenyewe.

Bridget akaonyesha picha ya maji.

"Danum," mzee akasema.

"Danum," Yulita naye akasema.

Nikashtuka. Kila siku jikoni namsikia akisema ranu! Picha baada ya picha, akawa anamfuata mzee tu. Bridget akaanza kumtazama kwa jicho la pembeni.

"Labda nimrekodi mzee peke yake," akasema. "Naona lugha yenu ni moja."

Nikamvuta Yulita hadi kwenye ngazi. "Wee, mbona unadanganya? Huyo mzee amekutisha?"

"Hapana, dada. Mkubwa ameshasema. Mimi nitaje tofauti mbele yake, kama nampinga?"

Nilikasirika, lakini ningemlaumu vipi? Hata mimi siwezi kumsahihisha baba mkwe mezani. Nikarudi nikamwomba mzee tukanywe chai jikoni. Alikuja shingo upande, macho yakibaki sebuleni. Nikazidi kumshuku.

Nilifunga mlango. Akaufungua kidogo, akatega sikio. Nilikuwa tayari kumfokea. Kule ndani Yulita sasa alikuwa anataja maneno yake bila kusita, na Bridget anacheka kwa furaha.

Mzee akaweka kikombe chini.

"Marehemu mke wangu alikuwa Mmaanyan," akasema. "Nimekuja kuisikia lugha yake, na huyu binti asubuhi nzima ananirudishia yangu."

Niliona haya kweli. Nikaufungua mlango wote.