Uzi Mwekundu wa Fundi

Ilikuwa mwaka ule wa mvua nyingi. Hapana, nisiseme uongo, mvua nyingi zilikuwa mwaka uliotangulia. Huu ninaousimulia ni mwaka Dada alipovunjika nyonga, na mvua zake zilikatika mapema, ardhi ikakauka ikapasuka. Hilo la ardhi kukauka likumbukeni, maana lina kazi yake huko mbele.

Huyu Dada alikuwa mwalimu mstaafu, na ndiye aliyewalea wadogo zake wawili baada ya wazazi kuondoka. Wa kwanza watu walimwita Fundi tu, kwa kuwa alifunga umeme nusu ya nyumba za mtaa ule. Wa pili alikuwa Kitindamimba, na jina hilo halikumtoka hata alipoota mvi. Naye alikuwa fundi umeme. Kazi aliifunzwa na Fundi mwenyewe, tangu kushika bisibisi, kisha akaenda kufanya kazi kwenye mahoteli makubwa na kurudi na maarifa mapya. Hapo ndipo kidonda cha Fundi kilipoanzia.

Nyumba ya Dada, Fundi ndiye aliyeifunga nyaya zote, miaka thelathini nyuma. Dada alikuwa akiwaambia wageni, "Tangu mdogo wangu aifunge, haijawahi hata kucheua." Fundi alikuwa akijifanya hasikii, lakini maneno hayo alikuwa akienda nayo nyumbani kama mtu aliyefungiwa chakula.

Sasa nyonga imevunjika, Dada anatembea na mkongojo, na swichi za taa ziko mbali na kiti chake. Kitindamimba akasema dawa ni paneli za kugusa, zile za kubandikwa ukutani kama kioo. Ukiwa hapo hapo kitini unawasha taa ya ukumbi, unazima ya jikoni, unamfungulia mtu geti. Alimletea Dada mbili achague. Moja ilikuwa kubwa, nyeusi, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Nyingine ndogo, ina maandishi makubwa na vitufe viwili vya kubonyeza pembeni.

"Chukua kubwa, Dada," alisema Fundi, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Ndiyo ya kisasa."

"Kubwa ni nzuri kwa macho," alisema Kitindamimba. "Lakini mtandao ukikatika inabaki kioo cha kujitazamia. Hii ndogo, hata mtandao ukifa, kitufe kinawasha taa."

"Mimi uso wangu naujua," alisema Dada. "Nipe ndogo, ziwe tatu."

Wakacheka. Fundi alicheka wa mwisho, na alinyamaza wa kwanza.

Kitindamimba alifunga ya ukumbini na ya chumbani. Hakuzilisha umeme wa nyumba. Alivuta waya mwembamba wa mtandao kutoka kisanduku cha mtandao alichokiweka stoo, umeme na habari vikapita humo humo. "Umeme wenyewe mdogo," alimwambia Dada, "hata ukiushika kwa mkono mtupu haukuumi." Ilipofika zamu ya jikoni, akafungua kisanduku cha swichi, akakitazama, akakifunga tena.

"Hii isubiri," alisema. "Humu umo waya wa moto unaoingia na ule unaokwenda kwenye taa. Nyutro hakuna, umeme hauna njia ya kurudi. Kesho nina safari ya kazi, nikirudi nitapitisha waya wangu kama kule kwingine."

Hakusema kwa ubaya. Zamani mafundi wote walifunga hivyo, swichi ya kawaida haihitaji nyutro. Lakini Fundi alisikia kana kwamba mdogo wake amesimama mbele ya Dada na kusema: kaka aliiacha nyumba yako pungufu.

Kitindamimba alipoondoka, paneli ya tatu ilibaki mezani kwenye boksi lake. Kila Fundi alipoingia ilimtazama. Na Dada naye hakusaidia. "Kitinda kanipa miguu," alikuwa akisema, akigusa kioo kwa kidole kimoja, taa zikiwaka na kuzimika. Ile sifa ya nyumba kutocheua haikusikika tena. Siku ya nne Fundi akashindwa kuvumilia.

"Hiyo ya jikoni nitakufungia mimi. Hii inakuja na adapta yake ya kuipa umeme wa nyumba, inaingia humo humo ukutani, kwa nini tumsubiri mtu?"

"Lakini Kitinda alisema hakuna nyutro."

"Dada, nani alimfundisha nyutro?"

Akazima umeme, akafungua kisanduku. Nyutro haikuwapo, kama alivyoiacha mwenyewe. Zaidi ya zile nyaya mbili palikuwa na waya wa athi tu, wa kijani na njano, uendao ardhini kulinda watu umeme ukivuja. Fundi alijua, na kila fundi anajua, kwamba athi ukiufanya njia ya kurudishia umeme, kifaa kitawaka. Alijua pia kwamba ni mwiko. Aliwahi kumzaba Kitindamimba kofi kwa kosa hilo hilo, enzi hizo mdogo wake ndevu hazijamwota.

Akaufunga. Na kwa mazoea ya mkono, akazungusha uzi mwekundu kwenye ncha ya ule waya. Ndiyo ilikuwa alama yake tangu ujana, hata Dada aliijua. Kila waya wa kurudishia aliuvisha uzi wa cherehani, mafundi wengine wakimtania kwamba anashona umeme.

Paneli ikawaka. Dada akapiga makofi mawili. "Kumbe hata wewe unaziweza."

Hilo neno "hata" lilimchoma, lakini alilimeza.

Wiki mbili zikapita, ardhi ikazidi kukauka. Asubuhi moja paneli ya jikoni ilikuwa ikipepesa kama mtu mwenye usingizi. Dada alitoka kuosha vikombe, akashika mpini wa friji kwa mkono wenye maji. Ilimrusha. Mkongojo ukaenda upande wake na yeye upande wake, bahati meza ikampokea.

Fundi alifika mbio, akagusisha tesita, ile bisibisi ya kupimia umeme, kwenye mpini. Ikawaka. Hapo hapo alielewa yote. Fimbo ya chuma ardhini, ambako waya wa athi huishia, ilikuwa imeliwa na kutu, udongo umekauka, na umeme aliourudisha kwa njia isiyo yake umekosa pa kwenda, umesambaa kwenye kila bati lililofungwa athi.

Dada alikuwa bado ameishika meza. "Ni nini hiki?"

Mdomo wa Fundi ukatangulia. "Mimi naona ni hizi mashine za Kitinda. Kabla ya hapo friji iliwahi kukuuma?"

Dada akafikiri. "Haijawahi."

"Basi."

Akaenda kuzima umeme wa nyumba nzima kwenye swichi kuu, kisha akarudi na bisibisi aifungue paneli ya jikoni, aondoe kosa lake kimya kimya. Dada akamzuia kwa mkongojo. "Usiguse kitu. Kitinda anarudi kesho, aje aone alichofanya. Na kama ni kweli, atang'oa vyote na asinikanyagie tena mlango huu."

Fundi alilala kwake akiwa ameshinda, na usingizi haukuja.

Kesho yake Kitindamimba alifungua paneli moja baada ya nyingine mbele ya Dada, Fundi akimshikia tochi. Zote zilikuwa safi. Ikabaki ya jikoni.

"Hiyo iache," alisema Fundi. "Niliifunga mimi."

"Nitaitazama tu, Kaka."

Akaitoa. Waya wa kijani na njano ukachomoza, umevaa uzi mwekundu. Kitindamimba alisogea kidogo, mgongo wake ukamkinga Dada asione. Akaufungua waya, akautoa uzi kwa kucha, akautia mfukoni mwa shati, akafunika kisanduku.

"Fimbo ya ardhi imeoza, Dada. Inapigwa mpya leo, na hii nitaipitishia waya wangu."

"Kwa hiyo si mashine zako?"

"Si mashine."

Walichimba pamoja nyuma ya jiko. Kitindamimba alishika fimbo mpya, Fundi akapiga nyundo, na hawakusemezana neno lisilo la kazi. Waliporudisha umeme, friji ilikuwa imetulia kama kondoo. Dada akawaombea wote wawili. Na Fundi, badala ya kushukuru, alihisi wivu mkubwa kuliko ule wa paneli. Huyu mtoto, hata kusitiri anamshinda.

Tangu siku hiyo Dada hakupunguza upendo. Ila kila Fundi alipomfungia hata balbu, alimwambia, "Mngoje Kitinda aitazame kwanza." Alisema kwa upole, akitabasamu. Fundi hakujua ni hofu ya friji tu, au ni jambo jingine.

Mwishowe alimvizia mdogo wake getini. "Ule uzi," alisema, "uliutupa, au ulimwonyesha Dada?"

Kitindamimba alihamisha begi la vifaa kutoka bega hili kwenda lile, akamuuliza kama kesho atakuwa na nafasi ya kwenda naye kazini. Walikwenda, wakafanya kazi, na miaka ikapita wakifanya. Fundi alimuuliza tena mara mbili, ya mwisho wakiwa wazee wote: uliutupa, au ulimwonyesha?