Siku Niliponawa Bila Maji

Nyie vijana mtakaosoma haya, mkitaka kucheka chekeni, ila mfike mwisho. Mimi shule niliishia darasa la nne, na kitu nilichojivunia maisha yangu yote ni usafi, na ni huo huo usafi ulioniaibisha mbele ya wapangaji wangu wote hapa Sakina.

Choo chetu ni kimoja, kaya tano. Mjukuu wangu Eliakimu, mwaka mmoja na nusu, alikuwa ameharisha mpaka macho yakaingia ndani, akalazwa mara mbili, na mara ya pili daktari alisema tumechelewa kumleta. Mimi mkosaji nilishamjua. Mama Zuwena wa chumba cha mwisho, Mrangi wa Kondoa, yeye na wanawe hawaendi chooni bila kopo la maji, na wakitoka sakafu imelowa. Kwangu mimi choo kikavu ndicho kisafi (nilikokulia Momela maji tuliyafuata mbali, nani ayamwage chooni?). Nikaamua ahame, nikamwita bwana afya aje aone mwenyewe, nisije nikaambiwa nina roho mbaya.

Asubuhi ile nikapiga deki, nikakausha choo kwa matambara, na kile kibuyu chirizi chetu, galoni la kunawia linaloning'inia nje ya mlango, ukikanyaga kijiti linainama, nikakimwaga maji yote kisije kikadondosha matone sakafuni kwangu.

Bwana afya akaja, wapangaji wakakusanyika uani, nikasema yangu yote, kwamba huyu mama anatuulia watoto kwa maji yake. Sasa kwa ule woga wa kusema mbele za watu tumbo likanibana, nikaomba radhi, nikaingia chooni. Natoka, wote wananitazama, nikakanyaga kijiti, galoni likainama tupu, na kwa kuona haya kuondoka bila kunawa nikasugua mikono hivyo hivyo, nikaikung'uta kama imelowa. Eliakimu akalia mgongoni kwa mama yake, nikamega ndizi, nikanyoosha mkono kumlisha.

Bwana afya akanishika mkono. Hakupaza sauti.

"Bibi, samahani. Mkono huu umetoka wapi?"

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Akauliza kama kibuyu huwa kikavu hivi, na mkwe wangu, ambaye hajawahi kunipinga tangu aolewe, akasema, "Siku zote. Mama hataki sakafu ilowe."

Siku zote, na mwenye kumlisha yule mtoto asubuhi na jioni ni mimi.

Mama Zuwena akaingia kwake, akatoka na jagi la maji na kipande cha sabuni, akasimama mbele yangu. "Nyoosha mikono, Bibi." Akaninawisha pale pale uani, polepole, kama mgeni wa harusini, mimi niliyetaka kumtoa na watoto wake. Asante nilimwambia kesho yake, mlangoni kwake, na kwamba haendi popote.

Lakini jioni ile ile niliwaita wa nyumbani kwangu wote, wakubwa na wadogo, nikawaamuru: nikitoka chooni, yeyote aliyepo aniulize kwa sauti kama nimenawa, hata kama nimekaa na mchungaji, na mikono yangu ikiwa mikavu, mtoto msinipe.