Nkambo wa Watoto wa Watu

Ukipita Shituru na mtu akakuambia kwamba mzee Mwepu alisimama mbele ya hakimu, ukumbi mzima ukacheka mpaka watu wakajifuta machozi, kwa sababu alishindwa kuwatambua wajukuu wake mwenyewe, usigombane naye, ni kweli, miye njo Mwepu mwenyewe, na aibu ile ninayo mpaka leo, ila naivaa kama mtu anavyovaa koti lake la Jumapili.

Na mambo yenyewe yalianza na koti. (La kahawia, nilipewa siku nilipoacha kazi kiwandani, kifungo cha chini kimekufa lakini kwa mbali hakionekani.) Nilikuwa nimekaa mbele ya nyumba naota jua, akaja Bijou, binti wa jirani yangu Mama Feza. Yuko mwaka wa sita, kichwa kinachukua kila kitu, ila masomo alikuwa anayatoroka kwenda mtoni kuosha mawe ya shaba na wenzake. Direkta, mkuu wa shule yao, alikuwa amemfukuza, asirudi bila mkubwa wa nyumbani, na wakubwa wenyewe wako wapi, baba anachimba huko mbali, mama siku zote yuko ziwani Tshangalele anatafuta samaki wa kuuza.

"Nkambo, kuya tu usimame pale," akaniambia. "Weye hautasema kitu."

Sasa huku kwetu kila mwenye mvi ni nkambo, ni babu wa kila mtu, hata muuza makaa ananiita hivyo akitaka kunipunja, kwa hiyo uongo sikuuona. Nikavaa koti, nikaenda. Jamani, direkta akanipa kiti! Miye niliyeacha masomo nikiwa bado nahesabu kwa vidole, nimekalishwa katika ofisi ya direkta! Akanigombeza kwa adabu, nikainamisha kichwa, nikaahidi, Bijou akarudishwa darasani, nami nikarudi nyumbani nimevimba kama andazi.

Hapo ningeacha. Lakini watoto hawana siri. Akaja Trésor, wa shule ya karibu na reli, kisha mapacha, Mbuyi na Kabanga, wa shule ya kule juu, wote watoro wa mto uleule, wote wanataka nkambo. Nikaenda kote. Kila shule ilikuwa na direkta wake, na kila direkta akawa na mzee Mwepu wake, nani angejua?

Kumbe madirekta walikuwa wamechoka kuangalia viti vitupu kila mmoja peke yake. Walikwenda kwa hakimu wa watoto (tunamwita mama juji) na kwa mama polisi anayeshughulika na watoto, wakapatana kukaa meza moja na kuwaita watoro wote pamoja na wakubwa wao, siku moja, ukumbi mmoja. Bijou aliponiletea habari hakunieleza yote hayo. Aliniambia tu, "Nkambo, koti."

Nikaingia nikitabasamu, nikawakuta wajukuu wangu wote mstari wa mbele, wananiangalia kama mbuzi wanaoona mvua inakuja.

"Mkubwa wa Bijou?" mama juji akauliza. Nikasimama, nikainama, nikakaa.

"Mkubwa wa Trésor?" Nikajifanya nakohoa. Direkta wa karibu na reli akaninyooshea kidole: "Si ule pale, wa koti!" Nikasimama tena.

"Wa Mbuyi na Kabanga?" Direkta wa tatu hata hakungoja: "Ni yeye, mama juji. Lakini... ni yeye wa wote?"

Nyuma mwanamke mmoja wa mtaa wetu akapiga kelele: "Mzee alizala avenii muzima!" Ukumbi ukalipuka. Mama juji akagonga meza, akaniuliza taratibu, "Tata, kati ya hao mapacha, mkubwa ni nani?" Sijui ni woga au ni macho, nikaonyesha mtoto wa watu wengine kabisa, akaanza kulia. Na palepale nani anaingia? Mama Feza, beseni la samaki kichwani, moja kwa moja kutoka ziwani, habari amezipata njiani.

"Tata Mwepu! Tangu lini weye njo baba yangu?"

Mama polisi akanisogelea. "Tata, uko na jamaa Buluo? Utapata kumusalimia." (Buluo njo gereza letu kubwa, hapa hata mtoto mchanga ukimtajia ananyamaza.) Nikatafuta mlango kwa macho. Lakini direkta wa Bijou akasema, "Udanganyifu umetosha. Huyu binti namufuta ku majina ya batoto ba mutihani," na hapo, sijui nguvu ilitoka wapi, nikasahau Buluo.

"Mama juji, nifunge miye! Mutoto aandike mutihani wake!"

Bijou akasimama.

"Mama juji, asubui kwetu hakuna muntu wa kuniambia lamuka, nenda ku masomo. Siku Nkambo alinipeleka, njo siku nilirudia. Sikutoroka tena."

Mama Feza akashusha beseni. Mama juji akainamiana na madirekta, wakanong'ona, wakamwita mama polisi, wakanong'ona tena, jasho linanitiririka ndani ya koti.

"Tata Mwepu, ulisema mbele ya badirekta batatu kama weye njo nkambo ya hawa batoto. Tribinali inakubali. Kila asubui utabapeleka, mama polisi atakungoja ku reli. Direkta akiona kiti kitupu, atamwambia mama polisi, na mama polisi atakuja kwako. Bijou ataandika mutihani."

Watu wakapiga makofi, na wengine bado wanacheka, wacheke!

Basi nikawa nagonga sufuria alfajiri, avenii nzima inanitukana, na watoto wanatoka, wa kwangu na wasio wangu, mstari unakua kila siku. Siku moja Trésor alipotelea mtoni, direkta akampasha habari mama polisi, mama polisi akanipasha miye, tukamkamata akiwa bado hajalowa hata miguu.

Matokeo yakatoka. Bijou amefaulu! Unajua kwetu aliyefaulu anamwagiwa poda kichwani. Yeye alichukua kopo zima akanimwagia miye, kwenye upara, mbele ya madirekta na mama juji, na nilivuka Shituru mweupe kama gunia la unga, mabega juu, Mama Feza nyuma yangu anaimba.

Nimeapa lakini. Sitakuwa tena nkambo wa mtu kabla sijazungumza na mama yake. Juzi amekuja mtoto mwingine, direkta amemfukuza, nikamwambia kwa ukali, nenda kwanza ukamwite mama yako. Akaondoka mbio, nami nikaingia ndani kutafuta koti.