Vijiko vya Mke wa Meneja

Nakumbuka siku moja, enzi zile za Azimio la Arusha, nilifungua kabati langu pale Temeke nikakuta vijiko vya chai vimebaki viwili. Vilikuwa sita, zawadi ya harusi. Mwanangu, mwanamke anavijua vijiko vyake kama kuku anavyojua vifaranga.

Babu yako alikuwa injinia. Kiwanda cha umma cha kuunganisha redio kilimpeleka masomoni ng'ambo, na aliporudi, hata kabla mwaka haujaisha, wakampa umeneja. Ofisi, gari, kiti kinachozunguka. Mie darasa la pili tu, lakini mtaa mzima ukiniita Mke wa Meneja, nami nikiitika kabla sijaitwa.

Basi, vijiko. Cha tano nilikiona kwa macho yangu kikizama mfukoni mwa koti lake. Sikumuuliza. Nilijijibu mwenyewe: ana nyumba nyingine, anaipamba kijiko kimoja kimoja. Na kweli siku hizo chakula alikichokoachokoa tu.

Nikamwendea mama mkwe wangu, Bi Mwanahawa. Akacheka. "Mwanamke gani huyo, wa kunywa chai tu?" Lakini alijifunga kanga tukaenda kiwandani, maana naye alitaka kujua.

Karani wa kiwandani alisimama. "Shikamoo mama. Shemeji, Meneja yuko kikaoni."

"Kikao na nani?" Nikaupiga mlango teke. "Mtoe huyo mwanamke!"

Hakukuwa na mwanamke. Meneja kapiga magoti sakafuni, tai kaitupia mgongoni, redio kaipasua matumbo nje, na mkononi ana kijiko changu, mpini kausaga hadi umekuwa bisibisi. Wafanyakazi wakajaa mlangoni. Mmoja akasema, "Ndugu Meneja, kumbe hawara mwenyewe ni redio!" Kicheko kilichopasuka hapo, nakisikia hadi leo.

Njiani mama mkwe hakuficha. "Mdomo unao, mume unaye. Kijiko ndicho ulichokiuliza? Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Wewe umejifunza nini zaidi ya kumwaibisha mwanangu?"

Nikaona haya. Babu yako aliporudi jioni nikamuuliza, "Baba Rehema, una nini?"

"Nasaini karatasi kutwa nzima," akasema. "Nikishika bisibisi karakanani, wanasema Meneja anajidhalilisha, ndiyo maana nikasaga vijiko vyako kwa siri. Nataka kuacha, mama Rehema. Nifungue karakana yangu."

Mwanangu, nililia. Siku zile mtu akijifanyia shughuli yake aliitwa bepari mchana kweupe. Na gari je? Nani ataniita Mke wa Meneja? Lakini nilishaonja utamu wa kuuliza, nikauliza tena, "Humo ndani ya redio kuna nini, hata kikishinde kiti?"

Akanifungulia. Akanionyesha mahali sauti inapoingilia, mahali inapokuzwa, na vile waya mmoja ukilegea nyumba nzima inakuwa bubu. Macho yake yalikuwa yale niliyoolewa nayo. Chai ikapoa. Nikaenda kabatini nikatoa kijiko cha mwisho. "Chukua na hiki."

Akaacha umeneja, tukaanza na chumba kimoja, Tandika. Jirani akanichokoza, "Mke wa Meneja kaenda wapi?" Nikamjibu, "Kahama. Aliyebaki ni mke wa fundi, lete redio yako." Chumba kikawa karakana, na miaka ilipopita karakana ikawa kampuni, babu yako akawa meneja tena. Ila safari hii bisibisi ilikaa mezani, na hakuna aliyemcheka.

Kwa hiyo nisikilize. Ukiona la mwenzio usilolielewa, usijijibu. Muulize yeye, kisha nyamaza umsikie. Nusura nivunje nyumba kwa uvivu wa swali moja. Na ukipewa kiti, kikalie, lakini usiache mikono isahau kazi iliyokufikisha hapo. Kiti hupewa, na aliyekipa aweza kukitwaa. Ujuzi ukikuingia, ni wako.

Mungu akupe mdomo wa kuuliza na kifua cha kupokea jibu. Abariki mikono yako, na vijiko vyako, vikipotea, vipotelee kwenye kheri.